MRI ya mdogo wangu iko sawa. Je, PET itaonyesha dopamini iliyozidi?

Swali

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 na mwaka jana aligunduliwa kuwa na skizofrenia. Alipigwa MRI ya kichwa, majibu yakasema ubongo uko sawa. Anameza risperidoni miligramu 6 kwa siku. Sauti anazosikia zimepungua lakini hazijaisha, na daktari anasita kuongeza dozi. Nimesoma kwamba PET inaonyesha dopamini iliyozidi na ubongo wa mbele "uliopoa". Je, tumtafutie kipimo hicho ili dawa ichaguliwe kwa uhakika? Kuna mtu ametuambia aache dawa wiki kadhaa kwanza ndipo picha itoke vizuri. Naomba jibu la kina.

Jibu

Dada, nianze na hilo la mwisho maana ndilo lenye hatari. Asiache dawa kwa ajili ya picha. Ni kweli kwamba risperidoni huziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva, na hivyo hubadilisha kile ambacho PET, picha inayopigwa baada ya kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo, ingeonyesha. Ndiyo maana watafiti hupenda kuwapima watu walio kwenye mkupuo wa kwanza wa ugonjwa, kabla hawajameza hata kidonge kimoja. Lakini kumwachisha dawa mtu ambaye zimeanza kumsaidia ni kumrudisha kwenye saikosisi, hali ya kusikia na kuamini yasiyokuwepo, kwa makusudi, na ugonjwa ukirudi hakuna anayeweza kukuahidi kwamba dozi ileile itautuliza tena. Hakuna picha inayostahili gharama hiyo.

Ulichosoma kuhusu dopamini si uongo. Kimepimwa na maabara nyingi, kwa mashine tofauti, na kikarudi kilevile. Kosa huingia pale mtu anapodhani kwamba kinachoonekana kwenye kundi la wagonjwa 50 kitaonekana pia kwa mgonjwa mmoja aliyelala kwenye mashine. Hakionekani hivyo, na nitakuonyesha kwa hesabu. Matunda ya picha hizo yanamfikia mdogo wako kwa njia nyingine: yamo kwenye idadi ya miligramu anazoandikiwa, na kwenye uamuzi wa lini abadilishiwe dawa.

Kwanza MRI. MRI ya kawaida hupiga picha ya umbo la ubongo: uvimbe, damu iliyovuja, kovu la kiharusi, maji yaliyojaa. Tangu mwaka 1976, kipimo cha CT, picha ya eksirei ya vipande vipande, kilipotumika London kwa wagonjwa wa muda mrefu, imejulikana kwamba vyumba vya maji ndani ya ubongo huwa vikubwa kidogo kwa wenye skizofrenia, kwa wastani. Kwa mtu mmoja mmoja tofauti hiyo humezwa na tofauti za kawaida kati ya binadamu. Kwa hiyo "uko sawa" ndilo jibu lililotarajiwa. Halina maana kwamba hana ugonjwa. Maana yake ni kwamba yale mengine yanayoweza kuiga ugonjwa huu na kuonekana kwa umbo hayakupatikana.

Tukiacha umbo tukaingia kwenye kemia, picha ya zamani na inayopatikana zaidi ni PET ya glukosi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na nishati hiyo hutoka hasa kwenye glukosi. Mgonjwa huchomwa sindano ya FDG, yaani glukosi iliyobadilishwa kidogo na kuwekewa florini-18. Seli huipokea kama glukosi ya kawaida, kimeng'enya cha heksokinasi huipachika fosfeti, kisha safari inaishia hapo: haiwezi kuchomwa zaidi wala kutoka kirahisi. Seli iliyofanya kazi sana hunasa nyingi, iliyofanya kazi kidogo hunasa kidogo. Mionzi ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, muda unaotosha kuitengeneza mahali pamoja na kuisafirisha hadi hospitali nyingine.

Maandalizi yake yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama picha ina maana. Mgonjwa asile kwa saa 4 hadi 6, anywe maji tu. Sukari ya damu hupimwa kabla ya sindano. Ikivuka takribani miligramu 160 kwa desilita, sawa na milimoli 8.9 kwa lita, glukosi ya kawaida hushindana na FDG mlangoni mwa seli na picha hufifia. Mshipa huwekewa sindano mapema ili maumivu yasiingie kwenye kipimo. Baada ya kuchomwa FDG, mgonjwa hulala kwenye chumba kimya chenye mwanga hafifu kwa kama dakika 30, hasomi, haongei, hagusi simu. Sababu ni kwamba FDG huingia kwenye seli zaidi katika nusu saa hiyo ya kwanza, na mashine inayopiga picha baadaye kwa dakika 10 hadi 20 husoma kilichokwisha kunaswa. Kwa hiyo picha ni muhtasari wa kile ubongo ulichokuwa ukifanya kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine. Aliyekuwa akisikia sauti muda wote huo, aliyekuwa na hofu, na aliyepitiwa na usingizi watatoa picha tatu tofauti hata kama ugonjwa wao ni mmoja.

Hapa ndipo habari ya ubongo wa mbele "uliopoa" ilipotokea. Mwaka 1974 Ingvar na Franzén, kule Lund nchini Sweden, walipima mtiririko wa damu kwa gesi ya zenoni-133 na wakakuta kwamba kwa wagonjwa wa muda mrefu damu haielemei ubongo wa mbele kama ilivyo kwa watu wengine wakiwa wamepumzika. Mwaka 1982 Buchsbaum na wenzake walipata sura inayofanana kwa PET ya glukosi. Mwaka 1986 Weinberger na wenzake waliwapa wagonjwa mtihani wa kupanga kadi kwa kanuni inayobadilika bila kutangazwa, wakaona kwamba sehemu ya juu pembeni ya ubongo wa mbele, ambayo kwa wengine huamka kwa kazi hiyo, kwao haikuamka kiasi kile.

Lakini jiulize nini kingine kinaweza kuleta picha hiyo. Dawa za saikosisi zenyewe hushusha matumizi ya glukosi ubongo wa mbele na kuyapandisha kwenye striatamu, kile kiini kilichoko ndani kabisa. Nikotini hubadilisha mtiririko wa damu na glukosi, na wagonjwa wengi huvuta sigara. Gamba la ubongo likiwa jembamba kidogo, PET, ambayo haioni vizuri vitu vilivyo chini ya milimita 4 hivi, huchanganya gamba na maji yaliyo jirani na kuripoti upungufu ambao sehemu yake ni wa unene tu. Zaidi ya yote, aliyekata tamaa na mtihani akaacha kujaribu ataonekana "amepoa" kwa sababu hafanyi kazi aliyopewa. Utafiti mzuri hujaribu kuondoa kila moja ya sababu hizi, na baada ya kufanya hivyo tofauti hubaki, ila ndogo na isiyofanana kwa wote. Mwaka 1992 Liddle na wenzake walionyesha kwamba sura hufuata dalili kuliko jina la ugonjwa: walio wazito wa kusema na kutenda walikuwa na damu kidogo ubongo wa mbele, na waliotawaliwa na sauti na imani potofu walikuwa na sura nyingine, inayogusa zaidi eneo la hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kwa maoni yangu neno "kupoa" limeumiza familia nyingi bila sababu, kwa maana wanabaki wakidhani kitu kimezimika ndani ya kichwa cha ndugu yao. Hakuna kilichozimika.

Sasa dopamini, ambako kuna habari nzito zaidi.

Mnamo 1976 maabara mbili zilionyesha jambo moja kubwa: nguvu ya dawa ya saikosisi hospitalini huenda sambamba na jinsi inavyoshika kipokezi cha dopamini kiitwacho D2. Swali likawa, je, wagonjwa wana vipokezi vingi kupita kiasi? Mwaka 1986 timu moja ya Marekani ikajibu ndiyo kwa PET. Mwaka 1990 timu ya Stockholm ikajibu hapana, kwa kifuatilio kingine, yaani dawa yenye mionzi inayoshika kipokezi, kiitwacho raklopridi. Ilichukua miaka kuelewa kwamba swali lenyewe lilikuwa limelenga pembeni. Vipokezi havijaongezeka kwa kiasi cha kueleza ugonjwa. Kilichoongezeka ni dopamini inayotengenezwa na kumwagwa na neva inayotuma ujumbe.

Hilo lilipimwa kwa njia mbili. Ya kwanza hutegemea ushindani. Raklopridi hushika D2 kwa ulegevu, kwa hiyo dopamini ikimwagwa huisukuma nje, kama abiria wanaogombea viti vilevile: kadiri dopamini inavyojaa ndivyo raklopridi inavyokosa mahali pa kukaa, na mionzi inayoonekana hupungua. Watafiti waliwapa watu amfetamini, ambayo hulazimisha dopamini kumwagika, na wagonjwa wakamwaga zaidi kuliko watu wenye afya. Hiyo ilikuwa 1996 na 1997. Mwaka 2000 Abi-Dargham na wenzake walifanya kinyume chake: walitumia dawa inayozuia utengenezaji wa dopamini, wakahesabu ni vipokezi vingapi vilikuwa vimekaliwa kabla ya hapo. Kwa wagonjwa ilikuwa asilimia 19, kwa wenye afya asilimia 9.

Njia ya pili ni ya F-DOPA, malighafi ya dopamini iliyowekewa mionzi, na ndiyo inayotumika zaidi leo. Ngoja nikupitishe kwenye siku ya kipimo hicho, maana ukikiona kwa karibu utajua kwa nini hakiko kwenye orodha ya vipimo vya kawaida. Saa moja kabla ya sindano, mtu hupewa kabidopa miligramu 150 na entakaponi miligramu 400. Ya kwanza huzuia mwili usigeuze F-DOPA kuwa dopamini kabla haijafika kichwani. Ya pili huzuia kimeng'enya cha COMT kisitengeneze mabaki yenye mionzi ambayo nayo huingia ubongoni na kuchafua picha. Zikisahauliwa, kipimo huharibika. Kisha hulala kwenye mashine, kichwa kikiwa kimeshikizwa, kwa takribani dakika 95 mfululizo, huku mashine ikirekodi kipande kwa kipande. Baadaye mkokotozi hulinganisha striatamu na ubongo mdogo wa nyuma, ambao karibu hauna dopamini, na kupata namba moja: kasi ambayo F-DOPA inageuzwa na kuhifadhiwa. Kichwa kikisogea milimita chache katikati ya kazi, ukingo wa striatamu huingia kwenye eneo jirani na namba hushuka kwa uongo. Mtu mwenye wasiwasi mkali, anayesikia sauti ikimwamrisha ainuke, hawezi kulala hivyo saa moja na nusu. Kwa hiyo wagonjwa walio taabani zaidi mara nyingi hawamo kwenye takwimu tunazozisoma.

Matokeo ya miaka mingi yalipojumlishwa mwaka 2012, tofauti ya upande huu wa utengenezaji na umwagaji ilikuwa karibu 0.8 ya mkengeuko sanifu. Kwa utafiti wa magonjwa ya akili hiyo ni tofauti kubwa. Ila tazama ina maana gani kwa mtu mmoja. Ukichora makundi mawili yaliyopishana kwa 0.8, wagonjwa kama 79 kati ya 100 watakuwa juu ya wastani wa watu wenye afya. Inapendeza, mpaka ukumbuke kwamba watu wenye afya 50 kati ya 100 nao wako juu ya wastani wao wenyewe. Ukiweka mpaka katikati kabisa, utakosea takribani mtu 1 kati ya 3, kwa pande zote mbili. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumthibitishia mtu ugonjwa wala kumwondolea. Ndiyo maana DSM-5 ya mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi wa Marekani, haina kigezo hata kimoja cha picha kwa skizofrenia. Kuna vituo vinavyouza picha za SPECT, ndugu ya PET, zenye rangi nyekundu na bluu na kudai zinatambua aina ya ugonjwa wa akili. Usimpeleke huko. Rangi hizo huchaguliwa na programu, na ukibadilisha kiwango cha rangi tu, ubongo uleule utaonekana mgonjwa au mzima.

Tena "dopamini imezidi" ni nusu ya maelezo. Imezidi kwenye striatamu, na picha za mashine mpya zinaonyesha kwamba iliyozidi zaidi iko kwenye sehemu inayounganishwa na fikra, siyo ile ya raha na tuzo kama ilivyodhaniwa zamani. Kwenye gamba la ubongo wa mbele, utafiti wa Slifstein na wenzake wa mwaka 2015 ulikuta kinyume: dopamini inayomwagwa ni pungufu. Hiyo inasaidia kueleza jambo ambalo bila shaka umeliona nyumbani. Dawa inayoziba D2 hutuliza sauti, lakini kulegea kunakoonekana kama uvivu, ukimya na kukosa hamu ya mambo hubaki palepale. Si kwamba hataki kujitahidi. Dawa hiyo haigusi upande huo wa kemia.

Sasa nije kwenye kile picha zilichomfanyia mdogo wako tayari. PET inaweza kuhesabu ni asilimia ngapi ya vipokezi vya D2 dawa imevishika. Farde na wenzake wa Stockholm walianza kazi hiyo miaka ya 1980, na mwaka 2000 Kapur na wenzake wa Toronto waliwapa wagonjwa 22 wa mkupuo wa kwanza haloperidoli, dawa ya zamani ya saikosisi, miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku, wakawapiga picha. Kuanzia asilimia 65 ya vipokezi kushikwa, wagonjwa walianza kupata nafuu. Kuanzia 72, homoni ya prolaktini ilipanda. Kuanzia 78, yalikuja madhara makali: kukakamaa, kutetemeka, miguu isiyotulia. Dirisha la tiba ni jembamba kiasi hicho. Kabla ya hapo kuna wagonjwa waliopewa haloperidoli miligramu 20, 40 na zaidi kwa imani kwamba ugonjwa mkali unataka dozi kali.

Risperidoni inafuata mkondo huohuo. Kwa wastani miligramu 2 hushika kama asilimia 66, miligramu 4 kama 73, miligramu 6 kama 79. Mstari huo haupandi moja kwa moja, hupinda: vipokezi vilivyobaki wazi ni vichache, kwa hiyo kuongeza dozi maradufu huleta asilimia chache tu za ushikaji na mzigo mkubwa wa madhara. Mdogo wako yuko kwenye 6. Kwa mtu wa wastani hapo ameshavuka mpaka wa madhara, na daktari anayesita kuongeza ana sababu nzuri.

Ila wastani nao unadanganya. Kwenye utafiti uleule wa Toronto, dozi hizo ndogo zilitoa ushikaji wa kuanzia asilimia 38 hadi 87, kwa sababu maini ya watu hayafanani katika kuvunja dawa. Kujua mdogo wako yuko wapi hakuhitaji PET. Kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu kinatosha. Damu huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, baada ya angalau wiki moja kwenye dozi ileile bila kuruka. Kwa risperidoni hujumlishwa dawa yenyewe na zao lake la 9-hidroksi, na kiwango kinacholengwa ni nanogramu 20 hadi 60 kwa mililita. Kikija chini sana, swali ni kama anazimeza kweli au mwili unazivunja haraka. Kikija ndani ya kiwango na sauti bado zipo, tatizo si uchache wa dawa hiyo. Kama ningepaswa kuchagua kipimo kimoja kwa ajili yake leo, ningechagua hicho.

Aripiprazoli, dawa nyingine ya saikosisi, haifuati mipaka hiyo. Hushika asilimia 85 hadi 95 bila kukakamaza kwa kiwango kilekile, kwa sababu haizibi kipokezi kabisa, hukiamsha kidogo. Na klozapini, nayo dawa ya saikosisi, ni ya ajabu zaidi: inafanya kazi pale nyingine zilipogonga mwamba, huku mara nyingi ikishika D2 chini ya asilimia 65. Maana yake kuna kitu kingine mbali na dopamini, na hapo ndipo glutameti inapoingia.

Glutameti ndiyo kemikali kuu ya kuamsha neva. Mwaka 1994 Krystal na wenzake walionyesha kwamba ketamini, inayoziba kipokezi cha glutameti cha NMDA, humpa mtu mwenye afya kwa muda mfupi imani potofu, fikra zilizovurugika na hata ule ubaridi wa hisia, yaani pande zote mbili za ugonjwa. Kuipima kwa mgonjwa hutumika spektroskopi ya MRI. Mashine ni ya MRI ileile, bila sindano wala mionzi, lakini badala ya picha hutoa mstari wenye vilele. Kilele cha NAA, alama ya uzima wa neva, hukaa kwenye 2.0 ya kipimo cha mstari huo (ppm), kreatini kwenye 3.0, kolini kwenye 3.2. Glutameti iko karibu na 2.35, imebanana na glutamini. Kwenye sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) viwili hivyo hutenganishwa kwa shida, ndiyo maana ripoti nyingi huvijumlisha kuwa Glx. Kwenye tesla 7 hutengana vizuri zaidi.

Ugumu wake uko kwenye mambo mengi. Eneo linalopimwa ni pana, mchemraba wa sentimita 2 kila upande, na kwa GABA, kemikali ya kutuliza, hufika sentimita 3. Ukiusogeza mchemraba karibu na fuvu, mafuta ya ngozi ya kichwa huingia na kufunika kila kitu upande wa chini wa mstari. Ukiuweka juu ya mashimo ya hewa ya pua, sumaku inapindika na vilele vinapanuka hadi kuungana. GABA ina tabu zaidi kwa kuwa kilele chake kimejificha chini ya kreatini. Hupatikana kwa kupima mara mbili mbili, mara na msukumo wa redio kwenye 1.9 na mara bila msukumo huo, kisha kutoa moja kwa nyingine. Mgonjwa akisogea katikati, kreatini haifutiki na namba ya GABA inakuwa takataka. Halafu spektroskopi haijui glutameti ipi inapitisha ujumbe na ipi iko kwenye shughuli za kawaida za seli. Hutoa jumla ya zote, na sehemu kubwa ni ya hizo za pili.

Pamoja na hayo, kuna matokeo mawili ninayotaka uyajue. Mwaka 2012, London, Demjaha na wenzake walipima F-DOPA kwa wagonjwa wasiosikia dawa za kawaida na wale waliozisikia. Waliozisikia walikuwa na dopamini inayotengenezwa kwa wingi. Wasiozisikia hawakuwa nayo. Walifanana na watu wenye afya. Mwaka huohuo Egerton na wenzake waliwapima watu waliopita mkupuo wa kwanza, na wale ambao bado walikuwa na dalili licha ya dawa walikuwa na glutameti nyingi zaidi kwenye singuleti ya mbele, gamba lililo katikati ya ubongo wa mbele. Makundi yalikuwa madogo, na hakuna hospitali inayoweza kutumia namba hizo kumpangia mtu mmoja dawa. Lakini mwelekeo ni wa maana sana: huenda kwa sehemu ya wagonjwa kuongeza kizibo cha dopamini ni kubisha mlango ambao nyuma yake hakuna mtu.

Kipimo ambacho ninakitazama kwa matumaini zaidi ni MRI ya neuromelanini, rangi nyeusi inayobaki kwenye neva za dopamini kadiri zinavyofanya kazi miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2019 Cassidy na wenzake walionyesha kwamba ishara yake huongezeka kadiri saikosisi inavyokuwa kali. Haihitaji mionzi wala saiklotroni, mtambo wa kutengeneza dawa zenye mionzi, huchukua dakika kadhaa kwenye mashine ya tesla 3. Bado iko kwenye utafiti. Kama mdogo wako atapata nafasi ya kushiriki utafiti wowote wa namna hii ulioidhinishwa na kamati ya maadili, na yeye mwenyewe akataka, ni jambo jema. Ajue tu kwamba anawasaidia watakaokuja, na kwamba majibu yake binafsi hayatabadilisha tiba.

Kuna hali ambazo PET ya glukosi au vipimo zaidi ni vya lazima, na hapa usisite. Saikosisi iliyoanza ghafla ndani ya siku au wiki chache, ikiambatana na homa, degedege, kupoteza kumbukumbu, fahamu inayokuja na kuondoka, au midomo na uso unaochezacheza, inaweza kuwa kingamwili zinazoshambulia kipokezi cha NMDA, ugonjwa ulioelezwa na Dalmau na wenzake mwaka 2007. MRI yake mara nyingi ni safi kama ya mdogo wako. PET ya glukosi inaweza kuonyesha upungufu mkubwa kisogoni, lakini uthibitisho ni kupima kingamwili kwenye maji ya uti wa mgongo, na tiba yake ni tofauti kabisa. Kwa mtu aliyeanza kubadilika tabia akiwa na umri mkubwa, PET hiyohiyo husaidia kutambua usahaulifu wa ubongo wa mbele. Kama hakuna hata moja ya dalili hizi kwenye historia yake, na alibadilika polepole kwa miezi, picha nyingine haitaongeza kitu.

Mkienda kliniki, ulizeni mambo haya. Amekaa kwenye miligramu 6 kwa muda gani bila kuruka? Jaribio la dawa huhesabiwa baada ya wiki 6 za dozi ya kutosha. Kiwango cha damu kimepimwa? Kama dawa mbili tofauti zimeshindwa, kila moja kwa wiki 6 na kwa umezaji wa angalau asilimia 80 ya dozi, hiyo ndiyo fasili ya ugonjwa usiosikia dawa, na klozapini inapaswa kutajwa bila kuchelewa. Kwenye utafiti wa Kane na wenzake wa mwaka 1988, kwa wagonjwa wa aina hiyo, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini. Inahitaji damu kupimwa kila wiki miezi ya mwanzo kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na choo kigumu kishughulikiwe mapema kwani kinaweza kuziba utumbo. Na kama anavuta sigara, daktari ajue kabla ya kuanza. Moshi huharakisha ini kuivunja klozapini, kwa hiyo akiacha ghafla, kwa mfano akilazwa wodi isiyoruhusu sigara, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kupanda sana ndani ya wiki moja na dozi ikahitaji kupunguzwa.